Ndege Iliyokohoa Juu ya Msambweni

Mzee hakuruka hata siku moja kabla sijatamka neno "ruksa". Hiyo ilikuwa kanuni yake, si yangu. Alikuwa ametengeneza ndege za watu wengine kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na huko kazini alijifunza kwamba anayerusha ndege hajipi ruksa mwenyewe. Ruksa hutolewa na yule aliyefunga kifuniko cha injini kwa mkono wake, anayejua kilichomo ndani. Sasa ndege ilikuwa yake, ameiunda bandani kwake nje kidogo ya Msambweni, na mfunga kifuniko nilikuwa mimi. Kila alipokwisha kufunga mkanda wa kiti alinitazama, nami nikawa wa kusema aende au ashuke. Neno lenyewe dogo, lakini lilibeba roho ya mtu.

Na mimi si fundi wa ndege. Ni fundi wa majokofu na viyoyozi katika hoteli moja ya Diani, mzaliwa wa Nyandarua, kule ambako ng'ombe hutoa mvuke puani asubuhi. Mzee alikuja hotelini akiuliza kama tuna viyoyozi vilivyokufa vya magari ya wageni. Alitaka ule wavu wa alumini wa ndani, akaufanye rejeta ya kupozea injini.

"Rejeta ya gari gani, Mzee?" nikamwuliza.

"Si gari, mwanangu. Ya ndege."

Nilidhani ananitania, kwa kuwa watu wa pwani hutania huku wamekaza uso. Lakini nina ugonjwa mmoja: nikisikia jambo nisilolielewa, hata chakula hakinipiti vizuri. Jumanne iliyofuata, siku yangu ya mapumziko, nilipanda pikipiki kutoka Ukunda hadi kwake. Nikaikuta kweli: ndege nyeupe ya viti viwili, mabawa yamefunikwa na leso za mkewe yasiingie vumbi.

Injini ndiyo iliyonikamata. Alikuwa ameing'oa kwenye gari la mbio la Kijapani lililopata ajali, na ndani haina pistoni hata moja. Kinachozunguka humo ni chuma chenye pembe tatu, kama sambusa iliyonona, kinavuta hewa upande huu na kutema moshi upande ule. Pembeni kuna turbo, feni inayosukumwa na moshi wenyewe, kazi yake kuishindilia hewa ndani ya injini. Kule juu hewa huwa nyepesi, na turbo huifanya injini isitambue kwamba imetoka chini. Mzee alinieleza yote hayo kwa kalamu ya mkaa juu ya meza ya mkewe, niliyemwita Mama, na Mama akaja kuifuta na kitambaa huku akituombea kwa Mungu atupe akili.

Shida ya kwanza ilikuwa joto, na joto ndilo linaloniwekea ugali mezani. Tulipanua njia za hewa, tukabadilisha wavu mara mbili, na baada ya miezi mitatu ya Jumanne injini ikatulia. Mkaguzi akatoka Nairobi, akaipekua siku nzima, akatoa karatasi ya kuruhusu majaribio: Mzee aruke peke yake, abaki karibu na kiwanja cha nyasi kilicho nyuma ya banda, na asipite juu ya mahoteli. Urubani alikuwa ameusomea na leseni anayo, aliipata akiwa na mvi.

Aliruka chini chini mara sita, na zote zilikuwa asali. Mara ya saba alipanda hadi futi elfu tano. Mimi nilikuwa kiwanjani na redio ya mkononi. Nilimsikia akisema, "Sasa napunguza moto," yaani nguvu ya injini. Halafu nikasikia injini, si redioni bali kwa masikio yangu, ikikohoa. Nilitazama juu nikaona moshi mweusi ukitoka nyuma yake, kisha mwingine.

"Inakataa," alisema, sauti yake kama ya mtu anayesoma bei dukani. "Nageuka."

Alishuka injini ikikohoa na kusita. Ilipofika kama futi elfu tatu ikazibuka yenyewe, ikanguruma vizuri, akatua bila tatizo. Tuliiwasha pale chini, ikaitika. Tukaiongeza moto na kuupunguza mara ishirini, na haikukohoa hata mara moja. Mzee alikuna kidevu, mimi nikacheka kwa furaha, nikaona haya baadaye. Ugonjwa unaotokea juu tu na kupona njiani! Nilikuwa sijawahi kuona mgonjwa wa namna hiyo.

Tulianza na petroli. Tukasafisha tangi, tukabadilisha chujio, tukatazama plagi. Zilikuwa nyeusi tii, maana yake injini ilinyweshwa petroli kupita kiasi. Anayeamua kiasi cha petroli ni kompyuta ndogo iliyofungwa karibu na kiti. Hupima presha ya hewa inayoingia kwenye injini kupitia kipaipu cha mpira, chembamba kuliko mrija wa soda. Presha ikipanda huongeza petroli, ikishuka hupunguza. Basi tulikichomoa kipaipu, tukakikagua kwenye mwanga, hakikuwa na ufa. Tukakirudisha.

Mpira ule haukubali kuingia mahali pake ukiwa mkavu. Mzee alinifundisha kuchovya ncha yake kwenye mafuta ya nazi ya Mama, yaliyokaa kwenye chupa dirishani mwa jikoni. Pwani nzima ndivyo hufanya. Bawaba inayolia, msumari unaogoma, pete iliyong'ang'ania kidole, dawa yake mafuta ya nazi. Nami ndiye niliyechovya, kwa kuwa vidole vyangu ni vyembamba.

Ruksa ya pili ya kupanda elfu tano niliitoa kwa moyo mweupe. Tulikuwa tumebadilisha nusu ya vitu. Alipanda, akafika elfu tano, akapunguza moto, ikakohoa vilevile. Safari hii tulishuku chumvi, maana upepo wa bahari hula nyaya kwa ndani huku nje zinang'aa. Nilifungua kila kiungo cha waya, nikakipiga brashi. Nilichomoa tena kipaipu cha presha, nikakirudisha tena, na mafuta yake.

Mama hakuwa akiingia bandani. Alikuwa akituletea chai na mahamri mpaka kizingitini, hapo hapo anarudi. Lakini siku hiyo alisimama.

"Mwanangu," aliniambia, "mimi sigombani na ndege hii. Alipoteza miaka mingi kwa ndege za wenziwe, naye apate yake. Ninachotaka ni mtu wa kula naye. Unanisikia?"

"Nakusikia, Mama."

"Haya. Kunyweni chai."

Siku ya tatu ya kupanda huko nataka kuieleza kama ilivyokuwa. Zile nyaya hazikuwa na chumvi. Nilizisafisha, lakini zilikuwa safi toka mwanzo, na mimi nilijua. Mzee alikuwa amekwisha kupanda, amefunga mkanda, ananitazama. Ningesema, "Shuka, Mzee, bado." Hakuna ambaye angenilaumu. Lakini nilikuwa nimewaza wiki nzima kwamba pengine injini haikohoi kwa sababu ya kimo, inakohoa kwa sababu ya kupunguza moto akiwa kwenye kimo hicho, na njia pekee ya kujua ilikuwa apande afike pale pale, akae dakika kumi bila kugusa kitu, kisha apunguze. Nilitaka kujua. Nikasema, "Ruksa." Akasema, "Bismillahi," akaenda.

Alikaa juu dakika kumi kama nilivyomwomba, na injini ikaimba. "Napunguza," akasema. Haikukohoa. Ilizimika moja kwa moja.

Kimya cha injini kilicho juu ya kichwa chako hakifanani na kimya kingine. Niliona ndege ikigeuza pua kuja kwetu, ndogo, inateleza tu. Sikuthubutu kumwita redioni. Chini yake kulikuwa na minazi, nyumba za watu, na minazi tena. Nilichuchumaa kwenye nyasi. Nilimwomba Mungu wangu na Mungu wake pia, nikijua ni mmoja. Kabla hajafika minazini, injini ilishika, ikatema moshi, ikanguruma. Alipotua nilimkuta ameketi, mikono juu ya magoti, hataki kushuka upesi.

"Ulikuwa sahihi," alisema. "Ni kule kupunguza." Akanipa jibu langu hivyo, jasho linamtiririka.

Mama alikuwa amesimama uani, unga mikononi. Alikuwa amesikia kimya kile kama mimi. Aligeuka akaingia ndani.

Wiki ile sikufaa kitu kazini. Alhamisi niliitwa kwenye chumba cha kukandia wageni. Dada anayekanda, mtu wa Tiwi, alikuwa amekasirika kwelikweli.

"Fundi, punguza baridi ya mashine yako! Mgeni anasubiri kitandani na mafuta yangu yamekuwa nta!"

Aligeuza chupa kichwa chini akanionyesha. Mafuta ya nazi, meupe kama samli, hayadondoki. Nilitazama kidude cha ukutani: nyuzi ishirini. Nikasimama pale mdomo wazi, mpaka akaniuliza kama nimepandwa na kitu.

Mimi, jamani! Mtoto wa Nyandarua! Utoto wangu wote chupa ya mafuta ya nywele ilikaa kando ya jiko, na asiyeiweka jikoni alienda shule kichwa kikavu. Nilikuwa nayajua mafuta yaliyoganda kabla sijayajua yaliyo maji. Kumbe miaka minane ya pwani ilikuwa imenisahaulisha, na Mzee yeye hakuwa na la kusahau, kwa kuwa katika maisha yake yote chupa ile ya dirishani ilikuwa maji.

Jumanne nilifika mapema. Sikumweleza kitu. Nilimuuliza tu kipimajoto cha nje ya ndege kilisoma ngapi kule juu. Akafungua daftari lake la safari: kumi na tisa. Nikachomoa kipaipu, nikakitumbukiza kwenye beseni la maji, nikawa natia barafu kidogo kidogo mpaka maji yakafika nyuzi kumi na tisa. Tulikaa nusu saa tukilitazama beseni, na Mama alipita mara mbili akatikisa kichwa. Halafu nikampa kipaipu.

"Puliza, Mzee."

Alipuliza. Akapuliza tena mpaka mashavu yakamjaa na macho yakamtoka. Hewa haikupita. Nikakichukua, nikakifumbata mikononi mpaka kikapata joto, nikapuliza mimi. Tone moja jeupe lilichungulia, likawa maji, likadondoka mezani.

Mzee aliligusa kwa kidole, akakinusa. Hakuhitaji kuelezwa. Kule juu, kwenye ncha iliyo karibu na kiti, mbali na joto la injini, mafuta yaliganda yakaziba, presha ya kupandia ikafungiwa ndani ya kipaipu. Alipopunguza moto, kompyuta haikuwa na habari, ikaendelea kumwaga petroli ya mtu anayepanda mlima, injini ikapaliwa. Akishuka kwenye joto, mafuta yanayeyuka, na sisi chini tunakuta kila kitu kizima. Na kila tulipokikagua kipaipu tulikirudisha na mafuta mapya. Ndiyo maana kila safari ilikuwa mbaya kuliko iliyotangulia.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilicheka pia, ila kicheko changu kilikuwa na kilio ndani yake, kwa kuwa mchovyaji nilikuwa mimi.

Tulikiosha kwa spiriti, tukakikausha, tukakirudisha kwa maji ya moto peke yake. Vidole viliniuma siku mbili. Tulisubiri Jumanne nyingine, tukakagua kila kitu upya, nikafunga kifuniko. Aliponitazama nilisema "ruksa" na sauti haikutetemeka. Alipanda hadi elfu tano, akaenda elfu sita, akakaa. "Napunguza," akasema, nikafumba macho. Injini ilishuka sauti taratibu, kama mtu anayehama chumba akiendelea kuzungumza, ikabaki hapo. Akaongeza, akapunguza, akaongeza. Kisha nikasikia redioni anaimba, na Mzee hajui kuimba.

Mchana huo Mama alipika wali na samaki wa kupaka, akatuandalia mkekani. Mzee alikula haraka, akaomba radhi, akaenda kuswali. Nilibaki na Mama tukikusanya vyombo. Alikuwa akisuuza sinia alipouliza, bila kuniangalia.

"Mwanangu, ile mara ya tatu. Ulikuwa na hakika?"

Ningeweza kusema uongo. Ulikuwepo tayari kwenye ulimi, na wenye adabu nzuri.

"La, Mama. Sikuwa nayo. Nilitaka kuona itafanyaje."

Alimimina maji, akaliinamisha sinia lichuruzike. Nilisubiri anifukuze, na angenifukuza ningeondoka bila kinyongo.

"Naye alijua," alisema. "Aliniambia usiku ule ule. Alisema, 'Yule mtoto hakuwa na hakika, ila nami nilitaka kuona.' Nyinyi wawili ni ugonjwa mmoja. Nikikutegemea wewe umzuie, na wewe ndiye unayemsukuma, mimi nina nani?"

Akafuta mikono kwenye leso yake.

"Basi siku usipokuwa na hakika, usimwambie yeye. Njoo uniambie mimi."

Ndege imeruka mara nyingi tangu siku hiyo. Nikishafunga kifuniko, Mzee hufunga mkanda na kunitazama, nami humwambia anisubiri kidogo. Mimi hutembea mpaka jikoni, humpigia Mama hodi, na neno "ruksa" hulisema huko kwanza.