Kiti cha Mahakama ya Familia, Kaunti ya Harlow

Kwa miaka ishirini na miwili Doreen Kaczmarek aliwatetea watoto katika mahakama ya familia ya kaunti ya Harlow, huko kaskazini mwa jimbo la New York. Binti wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, alisomea sheria jioni baada ya kazi. Aliwajua watoto wale kwa majina, na nani kati yao hulala na viatu ili awe tayari kukimbia. Jaji wa zamani alipostaafu, Doreen akagombea kiti, maana huko majaji huchaguliwa kwa kura. Nani mwingine angekifaa?

Lakini chama cha siasa chenye nguvu pale kikampitisha Curtis Venable, wakili wa mikataba ya kuuza mashamba, mtu ambaye hajawahi kusimamia kesi hata moja ya mtoto! Ila alikuwa na tabasamu, shemeji yake ndiye mwenyekiti wa chama, na mabango yake yalijaa kwenye nyasi za nyumba barabara nzima.

Wiki mbili kabla ya kura, kila sanduku la barua likapata kadi: "Kaczmarek alimrudisha mtoto kwa baba aliyekuwa akimpiga." Uongo mtupu! Doreen ndiye aliyepinga siku tatu mfululizo mpaka sauti ikamkauka. Jaji ndiye aliyeamua vingine. Ila majalada ya kesi za watoto ni siri, na wakili haruhusiwi kuyasema nje. Waliochapa kadi walilijua hilo fika. Huko ni kumpiga mtu aliyefungwa mikono.

Jumamosi hiyo, watu walipokuwa wakila kuku wa kuchoma kwenye harambee ya kituo cha zimamoto, mzee mmoja akaja mezani kwa Doreen, sahani mkononi.

"Wewe mama, ni kweli ulimrudisha yule mtoto?"

"Siwezi kuzungumzia kesi ya mtoto, mzee wangu."

"Ahaa! Kumbe ni kweli."

Irene, dada yake Doreen, akamvuta kando. "We Doreen, una wazimu? Sema tu! Sentensi moja inatosha!"

"Mtoto mwenyewe yuko darasa la nane, hapa hapa mjini. Nikisema, kesho shule nzima inajua alivyopigwa."

"Na kiti je?"

"Kama ni kukikosa, nitakikosa."

Akakikosa, kwa kura mia moja na tisini. Irene alilia kwa hasira. Doreen aliosha vyombo, akavunja sahani mbili, na si kwa bahati mbaya.

Januari, Venable akakikalia kiti na joho lake jipya. Kesi ya kwanza ilikuwa ya msichana wa miaka sita, wakili wake Doreen. Jaji akapekua karatasi, akapekua tena, masikio yakamwiva kwa aibu. Akawaita mawakili karibu, akamnong'oneza Doreen.

"Bi Kaczmarek, samahani... hapa huwa tunaanzia wapi?"

Doreen alitamani kumwacha aumbuke mbele ya watu wote. Mtoto alikuwa kwenye benchi nje ya mlango, hajavua koti.

"Unaanza kwa kuuliza mtoto alilala wapi jana, Mheshimiwa," akasema.