Upungufu wa Vitabu Sabini na Viwili

Kibali changu cha uhamisho kilitoka wakati nimeshaacha kukiulizia. Nilikuwa nafundisha shule ya msingi moja karibu na Mnero, wilayani Nachingwea, na binti yangu alikuwa analelewa na mama yangu Bukoba, upande mwingine kabisa wa nchi. Nilimpeleka akiwa na mwaka mmoja, nilipougua nikakosa mtu wa kumshika. Nilisema ni miezi mitatu tu. Ikawa miaka minne. Kila likizo nilisafiri siku tatu kwenda na siku tatu kurudi, na hapo katikati nikawa mgeni nyumbani kwetu.

Sasa mfumo wa uhamisho ulikuwa umeonyesha kituo changu kipya, Bukoba, na chini yake sharti: niripoti ndani ya siku kumi na nne, la sivyo kibali kinafutwa. Nilipiga vigelegele peke yangu ofisini. Mwalimu mkuu alikuja mbio na fimbo akidhani nimeona nyoka.

Shida ni kwamba nilikuwa pia mtunza stoo. Mtunza stoo haondoki mpaka mali ihakikiwe, na mhakiki wa mali alifika siku ya sita, kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope. Alikuwa kijana wa Moshi, Mlutheri, shati limefungwa vifungo vyote hadi cha shingoni. Nilimwandalia chai na mihogo, akakataa. Alikuja na maji yake. Nikajua nimekwisha, maana mtu anayekataa hata muhogo hana mahali pa kumshikia.

Alihesabu majembe. Alihesabu vifagio, na kile kilichobaki mpini mtupu akakiandika nusu. Halafu akafika kwenye mstari mmoja wa leja ya zamani, ulioandikwa kwa mwandiko mzuri wa kulala. Safu ya jina ilisema Biblia Takatifu, ya Kikatoliki. Safu ya idadi ya vitabu ilisema sabini na vitatu. Akainua macho kwenye rafu. Pale palikuwa na Biblia moja nene, mgongo wake umeshikwa kwa gundi ya seremala.

"Madam, hapa naona kimoja."

"Ndicho hicho hicho. Ndani yake vimo sabini na vitatu."

"Mimi pia ni Mkristo, Madam. Najua Biblia ina vitabu ndani. Lakini leja haihesabu vya ndani. Daftari moja huliandiki kurasa tisini na sita."

Akaandika kwa wino mwekundu: upungufu, vitabu sabini na viwili. Nilimweleza kwa upole, kisha bila upole. Yeye alinisikiliza kama anayesikiliza mvua. Mwisho akasema zipo njia mbili. Aliyeandika ule mstari aandike maelezo kwamba alikosea, kitabu ni kimoja, au mimi nivionyeshe vile sabini na vitatu, kimoja kimoja. Angerudi baada ya siku mbili.

Aliyeandika ule mstari alikuwa katekista mzee wa kigango chetu, Mmwera, aliyewahi kutunza stoo ile kabla mimi sijazaliwa. Nilimkuta nyumbani kwake anaziba pancha ya baiskeli. Nikamwamkia, akaitikia, nikamweleza yote huku nimesimama. Nilibeba karatasi tayari imeshaandikwa, imebaki sahihi tu.

Aliisoma polepole. Akairudisha.

"Mwalimu, hii mimi siwezi."

"Babu, ni sahihi tu."

"Paliandikwa pale, idadi ya vitabu. Si palikuwa hivyo? Padri kaleta Biblia, nikamuuliza, humu vitabu vingapi? Kasema sabini na vitatu. Nikaandika. Sasa ulitaka niandike kimoja, niwe muongo?"

Nilimwambia nina mtoto. Nilimwambia siku zilizobaki, na kwamba zikiisha naanza foleni upya. Sauti yangu ilikuwa imepanda mpaka kuku wakasogea.

"Na mimi nina watoto," alisema. "Nimefundisha ubatizo na kipaimara hapa tangu nywele nyeusi. Swali lile, Biblia ina vitabu vingapi, wote nimewauliza. Aliyejibu sitini na sita, nimemrudisha mwaka mzima. Leo nisaini kimoja? Hao niliowarudisha watakuja na mapanga." Akapiga pampu mara mbili. "Ila nitakuja. Akitaka kuonyeshwa, nitamwonyesha."

Niliondoka nimekasirika kiasi cha kumsahau Mungu mwenyewe. Nilimwona yule mzee ni mbinafsi, anayelinda jibu lake la mtihani kwa gharama ya mwanangu.

Siku ya nane walikutana stoo, saa tatu asubuhi, mhakiki na kalamu zake mbili, katekista na koti la Jumapili. Mwalimu mkuu, ambaye ni Mwislamu na mtu wa tahadhari, alileta viti akasema, "Mimi hapo simo," kisha akabaki mlangoni asipitwe na neno.

Katekista alianza kwa kuomba boksi la chaki. Alisema neno Biblia ni la Kigiriki, na maana yake si kitabu, ni vitabu, kwa wingi. "Hii ni rafu," alisema, akiigonga ile Biblia kwa kidole. "Rafu imefungwa gamba. Walioiandika hawakujuana. Huyu mfalme, huyu mchunga mifugo, huyu yuko gerezani. Toka wa kwanza hadi wa mwisho ni miaka kama elfu. Hakuna siku walikaa kikao."

"Mtunzi ni nani, basi? Nina safu ya mtunzi."

"Mungu."

Mhakiki alishusha kalamu, akaipandisha tena. "Na hao watu?"

"Nao pia. Mungu kaandika kwa mikono yao, na akili zao hajazizima. Ndiyo maana mmoja anaandika vizuri, mwingine anarukaruka."

"Watunzi wawili kwa kila kitabu," mhakiki alinong'ona akiandika.

Katekista akapanga chaki mezani. Tano za Torati. Kumi na sita za historia, za wafalme na vita na safari. Saba za hekima na mashairi. Kumi na nane za manabii, wakubwa kwa wadogo, na hapo akaeleza kwamba mdogo si umri, ni urefu wa maandishi. Arobaini na sita, Agano la Kale. Mhakiki alizihesabu mwenyewe mara mbili, na chaki iliyokatika katikati akaomba ibadilishwe isije ikaleta utata.

Agano Jipya lilianza vizuri. Injili nne, Matendo ya Mitume, Ufunuo. Balaa likawa kwenye zile ishirini na moja za katikati.

"Hizi ni nini?"

"Barua. Za Paulo na mitume wengine."

"Barua?" Uso ulimbadilika. "Madam, barua hazikai stoo. Barua zinakaa masjala. Zina kumbukumbu namba?"

Nilicheka peke yangu, kicheko kibaya, cha mtu anayetaka kulia. Mwalimu mkuu, mlangoni, alisema kwa heshima kwamba masjala yetu ni kabati moja na limejaa. Katekista hakucheka. Alieleza kwamba zilikuwa barua kweli, zilitumwa kwa watu kweli, Korintho, Roma, na watu wa kule walipomaliza kuzisoma wakanakili na kuwapelekea jirani. Zikasomwa kanisani mpaka zikaacha kuwa barua za mtu. Mhakiki alifikiri kwa muda mrefu, akaandika: barua zilizogeuka vitabu kwa matumizi.

Akauliza tarehe ya kupokelewa. Hapo nikadhani sasa tumekwama, lakini mzee alifurahi kama mwanafunzi aliyeulizwa lile alilolisoma. Alisema kupokelewa ndilo neno lenyewe. Kulikuwa na maandishi mengi zamani, mengine ya ajabu ajabu, na Kanisa likapokea haya likaacha yale. Liliangalia kama yanatoka kwa mitume, kama yanasomwa kila mahali, kama yanapatana na imani. Maaskofu wa Afrika ya Kaskazini wakaitaja orodha kwenye vikao vyao, karne ya nne, na baadaye sana mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, ukaifunga. Orodha inaitwa kanoni, na kanoni kwa Kigiriki ni ufito wa kupimia.

"Kipimo!" alisema mhakiki, na kwa mara ya kwanza akafungua kifungo cha shingoni. "Hapo sasa tunaelewana."

Basi tukahesabu chaki zote pamoja, kwa sauti, hata mwalimu mkuu alisahau kwamba hayumo. Sabini na tatu. Nikaanza kukusanya mikoba yangu moyoni. Mhakiki akatazama dari, akakunja uso.

"Ila kuna tatizo. Biblia nyumbani kwetu ina vitabu sitini na sita."

"Kwenu vimepungua saba," alisema katekista.

"Hapana, mzee. Hapa vimezidi saba. Ziada isiyo na maelezo nayo ni hoja."

Alimpigia simu mama yake Moshi. Tulimsikia mama akilalamika kwamba yuko shambani, kisha akirudi ndani, kisha akihesabu yaliyomo kwa kidole, na mbuzi akilia nyuma yake. Sitini na sita. Katekista akaeleza tena: Wayahudi waliokaa Misri walisoma Maandiko kwa Kigiriki, na katika mkusanyiko wao vile saba vilikuwemo. Wakristo wa mwanzo wakarithi mkusanyiko huo. Marabi, walimu wa Kiyahudi, wakabaki na orodha fupi ya Kiebrania, na karne nyingi baadaye wanamageuzi wa Ulaya, Waprotestanti wa kwanza, wakaifuata hiyo fupi. Vile saba wakaviweka pembeni, na mwisho vikatoka kabisa.

"Kwa hiyo kuna mtu alivitoa," alisema mhakiki taratibu. "Je, kulikuwa na hati ya kuondoa mali?"

Nilitoka nje. Nilisimama kwenye jua nikakokotoa: leo siku ya nane, safari siku tatu, na ilibidi nikalale Nanganga, kwenye barabara kuu, kuwahi basi. Niliwachukia wote, marabi, wanamageuzi, na maaskofu wa Afrika ya Kaskazini, kwa nini hawakumaliza jambo hili mapema. Nikamchukia na padri aliyegawa ile Biblia. Halafu nikalia, maana nilikuwa nimeshamwambia mama amwambie mtoto kwamba naja.

Nilirudi ndani. Mhakiki alikuwa ameketi juu ya gunia la mahindi ya uji, Biblia mapajani, anasoma. Alikuwa ameamua kukagua vile saba mwenyewe, na alianza na Tobiti. Katekista alinikonyeza nisiseme kitu. Saa nne ikapita, kengele ya mapumziko ikalia, watoto wakapiga kelele, yeye anafunua kurasa.

"Huyu kijana kasafiri mbali hivi na mbwa wake," alisema bila kuinua kichwa. "Mbwa anafika?"

"Soma," alijibu katekista.

Mimi kile kitabu sikuwa nimewahi kukisoma, na ni Mkatoliki wa kuzaliwa. Nilijua kipo, basi. Mzee aliyepofuka anamtuma mwanawe wa pekee nchi ya mbali, na siku zinapita kijana harudi. Mhakiki alifika mahali akaacha kufunua. Alirudia ukurasa ule ule. Kisha akasoma kwa sauti ya chini, kwa maneno yake mwenyewe, kana kwamba anatoa taarifa: mama yake kijana kila siku anatoka nje, anaitazama ile barabara, na akirudi ndani hali chakula.

Mwalimu mkuu alianza kukagua bawaba za mlango.

"Hiki kwetu hakimo," alisema mhakiki. Akafunga kitabu, kidole kikiwa kimebaki ndani kuweka alama. "Madam, mwanao ana miaka mingapi?"

"Mitano."

Alikata mstari wake mwekundu kwa rula. Pembeni akaandika kwamba vitabu sabini na vitatu vimeonekana, vimo katika gamba moja, na kwamba saba kati yake mhakiki amevisoma kwa sehemu na anavitambua. Ila hakuwa mtu wa kubadilika kwa siku moja. Alitaka kila kitabu kipigwe muhuri wa shule kwenye ukurasa wake wa kwanza. Nilipiga mihuri sabini na mitatu. Barua mbili fupi za Yohane zilikuwa ukurasa mmoja, kwa hiyo ukurasa ule una mihuri miwili, mmoja umeangukia mwingine. Katekista alinishikia kurasa zisijifunge, na kila muhuri ulipogonga alilitaja jina la kitabu kama anayeita mahudhurio. Nilimwomba radhi kwa yale ya kwake nyumbani. Akasema wino unakauka, nifanye haraka.

Niliripoti siku ya kumi na tatu. Mchana ule ule nikafika nyumbani, vumbi la Kusini bado liko kwenye mishono ya begi. Binti yangu alikuwa anachambua maharage na bibi yake. Alinipokea vizuri, kwa adabu, akapiga goti, akanipokea mkoba akauweka ndani. Akaniletea maji ya kunywa kwenye kile kikombe cha wageni.

Kisha akakaa karibu yangu, akanishika kidole.

"Mama," akasema, "unaondoka lini?"