Meno Yasigusane
Daktari wa meno wa mtaa wetu, hapa Dilala karibu na mgodi, haanzi na meno. Hunawa mikono, huweka vidole viwili kwenye mashavu ya mgonjwa, kisha husema polepole, "Uma." Leo dereva wa lori la mgodini alitaka gego ling'olewe. "Jino iko muzima, tata," daktari akamwambia. "Ni wewe unaifinya na mawazo. Funga midomo, lakini meno isigusane." Kisha akaanza kulipapasa gego kwa ndani; karibu saa sita mchana akatoa vidole kinywani mwa dereva, kama kila siku, maana ndiyo saa ya mgodi kulipua mwamba. Madirisha yakatetemeka, na sisi tuliokuwa tukisubiri zamu kwenye benchi tukauma meno kwa mazoea. Yeye akapiga mwayo mrefu wa makusudi. Dereva akaambukizwa, kisha benchi zima, na gego likabaki mahali pake.