Pasi Inayouma

Kwenye kiwanda cha kufua mashuka ya hoteli, Mama Pasi alifanya kazi amesimama juu ya kipande cha ubao. Si kwamba alikuwa mfupi. Pasi za pale zilikuwa zinauma: umeme ulivuja hadi kwenye chuma, na aliyezishika huku amekanyaga sakafu yenye maji alirushwa. Wanawake walijifunza wenyewe. Kwanza unaigusa kwa mgongo wa mkono, maana ukiishika kwa kiganja, umeme unakunja vidole, vikaing'ang'ania pasi. Halafu unapanda ubao wako.

Kumwambia bosi kulikuwa kumpigia mbuzi gitaa. "Pasi nzima hizo," alisema. "Nyie mmezoea za mkaa."

Msimu wa mvua uliopita paa lilivuja, ubao ukaloa, pasi ikamtupa Mama Pasi hadi ukutani. Vidole vyake viwili vina ganzi mpaka leo. Bosi akatangaza mbele ya watu, "Huyu ana kifafa." Maneno hayana miguu, lakini yalifika mtaani kabla yake. Posa ya binti yake ikavunjika. Upande wa mchumba walisema hawaoi kwenye nyumba ya kifafa. Tangu hapo Mama Pasi alilala na hasira, akaamka nayo.

Siku ya ukaguzi wa usalama kazini, bosi aliamuru sakafu ipigwe deki na mbao zote zitupwe stoo.

"Bosi, mbao hizo ndizo zinatuweka hai."

"Sitaki takataka mbele ya wageni. Ukichoka, geti lile pale."

Mkaguzi, mama wa makamo mwenye miwani, akaingia na maswali yake.

"Dada, jifanye unakunja mashuka kama sisi," shoga yake wa meza ya jirani akanong'ona.

"Nimekunja ya kutosha."

Mkaguzi akasimama mbele yake. "Mbona hupigi pasi, mama?"

Bosi akadakia. "Mgonjwa huyu, mheshimiwa. Ana kifafa, tunamvumilia tu."

Mama Pasi akaficha mikono nyuma. "Kweli, naogopa kuanguka. Nishikie wewe, bosi, uliye mzima."

"Usiniletee dharau!"

"Pasi si nzima? Shika basi."

Mkaguzi akamtazama bosi, akangoja. Bosi akacheka kicheko cha midomoni, akanyoosha mkono. Ulipokaribia pasi, akaugeuza, akaigusa kwa mgongo wa mkono.

Ikampiga. Akaruka nyuma, akagonga kikapu cha mashuka, akakaa chini kwenye maji.

"Zimeni swichi kuu!" mkaguzi akapiga kelele. "Hakuna kazi hapa mpaka kila pasi itengenezwe."

Wanawake wa pasi walicheka. Mama Pasi hakucheka. Kule kugusa kwa mgongo wa mkono, bosi hakukujifunza ofisini.

"Kumbe miaka yote ulikuwa unajua," alisema. "Sasa inuka, bosi. Twende kwa wale wakwe, ukawaambie na wewe una kifafa."