Viberiti Vinne

Baba mkubwa alikuwa ameshaamua: kabla mvua hazijaanza, bibi ataondolewa Wamaza aletwe Kasongo, alale chumba cha nyuma nyumbani kwake, maana mwanamke wa umri ule haachwi kuishi peke yake. Bibi akamjibu kupitia motari mmoja wa pikipiki kwamba siku akija Kasongo atakuja amebebwa, naye hatasikia lolote. Hapo nikajitolea kwenda kumpangia jinsi ya kuzeeka salama kulekule Wamaza. Nilikuwa na diploma mpya ya chuo kikuu, sina kazi, na kipaji changu kilikuwa kimoja: kuona hatari hata pasipokuwa nayo.

"Bwana yangu amefika!" bibi aliwatangazia majirani nilipoteremka, kama bibi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wao wa kiume. "Muangalie alivyokonda. Wake wenzangu wa Kasongo hawamupikie."

Nyumba yake ni ya chumba kimoja, kwa hiyo mimi nililala kwa jirani. Siku ya kwanza nilihesabu hatua za kutoka mlangoni hadi chooni, nikafunga mianzi pembeni mwa njia ili ashike asianguke. Jioni mianzi ilikuwa imejaa nguo zinazokauka. Siku ya pili nikapigilia komeo la chuma mlangoni, kwa ndani. Siku ya tatu nikaugundua moto.

Bibi hazimi moto wake. Usiku huufunika kwa majivu. Kila alfajiri wanawake wanne wa jirani walikuja kuuomba, kila mmoja na kigae chake. Niliwaona wakipitisha makaa mekundu karibu kabisa na kitenge cha bibi. Nikaenda dukani, nikanunua viberiti vinne, nikavigawa nyumba kwa nyumba. Walishukuru sana. Mmoja aliniombea nipate kazi.

Kesho yake hakuja mtu. Nami nilibaki kwa jirani nikinakili mpango wangu kwa mwandiko mzuri: hatari kubwa, hatari ndogo, na hatari ambazo bado sijazifikiria. Jua lilikuwa limepanda nilipokwenda kumsomea. Nikakuta mlango umefungwa.

"Bibi! Uko muzima?"

"Niko muzima, niko tu ndani. Chuma yako imekataa kutoka."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu jogoo."

"Sasa mbona hukupiga kelele?"

"Nipige kelele, baba yako mukubwa anisikie Kasongo?"

Niliung'oa mlango mzima. Bibi alikuwa ameketi juu ya kinu, anakula karanga.

"Miaka hii yote," akasema, "hawa wanawake wakikosa kuona moto yangu, wanaingia kuangalia kama niko. Wewe umewapa viberiti."

Ikabidi nizizunguke tena nyumba zile nne, nikiomba watu waje kuomba.

"Tutakuja," akasema yule aliyeniombea kazi. "Hata sisi tulikosa maneno yake leo. Lakini kiberiti hatukurudishii."

Bado sikutulia. "Na wote wanne wakisafiri?" nilimuuliza bibi.

"Basi nitazima moto yangu, niende mbele kuomba kwa wengine. Wataniona. Kula karanga, bwana yangu."

Niliporudi Kasongo, baba mkubwa aliupokea mpango wangu mpya. Ulikuwa mstari mmoja: kila alfajiri watu wanne wanaingia.

"Kurasa zingine ziko wapi?"

"Bibi alichochea nazo moto."

Nikamweleza yote, hata habari za komeo, ingawa nilijua zinaweza kumwondoa bibi kwake. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akatazama jiko lake la makaa, na ule mlango wa nyuma usiogongwa na mtu.

"Hapa kwangu nani angekuja kumuomba moto?" akasema polepole. "Basi. Akae kule kwake."

Nilianza kushukuru, akaninyooshea kidole.

"Wewe kesho unarudi Wamaza. Kuna mlango ulimung'olea mama yangu."