Ngonjera Aliyonyang'anywa Neema

Niambieni kama nimekosea, maana nimerudi kutoka shuleni kwa mwanangu bado nafoka!

Wiki nzima Neema amekariri ngonjera ya siku ya wazazi.
Leo asubuhi mwalimu wake akamtoa. Eti Kiswahili chake kina lafudhi ya Kinyasa, lugha yetu ya nyumbani, ataiaibisha shule mbele ya mgeni rasmi.
Akampa sinia agawe soda!

Aliyewekwa badala yake akafika katikati, akakwama, akaanza kulia.

Neema, sinia mkononi, akaanzia pale pale mwenzake alipoishia, akamaliza yote.
Mtoto ambaye hata shikamoo huwa anainong'ona!

Ukumbi mzima makofi.

Mwalimu huyo akanijia anachekacheka: "Mama Neema, nilijua tu ataweza."

Nikalichukua lile sinia, nikamkabidhi.

"Wageni bado wana kiu, mwalimu."