Mshono wa Mchemraba wa Tatu

Cheche alikuwa amechomelea mageti na madirisha kwa miaka ishirini na sita, na jina hilo alilipata kwa kuwa hakuna shati lake lililosalimika na matundu ya moto. Hakuwa mtu wa wasiwasi, mpaka msanii mmoja, mama mfupi asiye na mzaha, alipomwita karakanani kwake waunde sanamu ya kusimamishwa kwenye njia panda: michemraba tisa ya chuma, kila mmoja na ukubwa wa kabati la nguo, imesimama kwa pembe na kushikana, ikipanda kwa kujizungusha hadi usawa wa ghorofa ya nne.

Siku ya uzinduzi watu walipiga makofi. Cheche alikodolea macho mchemraba wa tatu tu. Siku alipokuwa akiufunga mshono wake wa ndani, simu ililia: mkewe, mwalimu, ameteleza kwenye ngazi za shule na amepelekwa hospitali. Aliumalizia ule mshono mbiombio, akatimua mbio. Aliporudi kesho yake, wenzake walikwisha kuufunika kwa bamba la mwisho. Hakumwambia mtu.

Tangu hapo moyo ulikosa mahali pa kukaa. Kila asubuhi aliizunguka sanamu kwa baiskeli mara mbili, mara tatu. Watoto wa shule walijipumzisha chini yake, wauza magazeti wakaegemeza meza zao pale, na upepo ukivuma kidogo tu Cheche alishuka kwenye baiskeli akautazama mchemraba wa tatu. Askari wa barabarani alimuuliza kama amepoteza kitu. Nyumbani chakula kilipoa mbele yake.

"Baba watoto," mkewe alimwambia siku moja, "hiyo michuma unaizungumzia hata ukiwa umelala. Mimi hunisemeshi hata ukiwa macho."

Ndipo akamweleza yote. Alikuwa ameficha kwa kuogopa kwamba mkewe angejiona ndiye chanzo. Mama wa watu alisikiliza, akautazama mguu wake uliokwisha kupona zamani, akasema: "Mimi natembea. Nenda kamwambie yule mama kabla hajaambiwa na mwingine."

Msanii alimsikiliza bila kumkatiza. Hakumfokea, ila hakumwambia aketi pia. Siku hiyohiyo sanamu ikazungushiwa uzio, na siku ya tatu akaja mkaguzi, kijana mwenye miwani, na kifaa cha kupima chuma kwa mawimbi ya sauti. Cheche aliomba mishono yote ikaguliwe, si ule mmoja.

Mchemraba wa tatu ulipimwa asubuhi. Mkaguzi akarudia, akarudia tena, akasema mshono uko imara kuliko ulivyotakiwa. Cheche akashusha pumzi. Saa tisa alasiri mkaguzi akasimama kwenye mchemraba wa saba, akainama, akachora duara kwa chaki. Ndani ya mshono kulikuwa na uwazi wa urefu wa kidole.

"Huu aliuchomelea nani?"

Cheche alikumbuka siku ile vizuri. Kulikuwa na ubaridi mwanana, alikuwa ameshiba, akipiga soga na wenzake, na alipomaliza alimwita msanii aje aone kazi ya fundi.

"Mimi," akasema.

Aliukata mshono akaurudia mwenyewe, msanii amesimama nyuma yake. Uzio uliondolewa, wauza magazeti wakarudi na meza zao. Lakini Cheche hakupata ile raha aliyoitarajia. Muda wote aliamini kwamba mkono ukikosea, moyo hujua. Sasa hakuwa na hakika tena na hata geti moja kati ya yote aliyowahi kuuza.

Miezi minne baadaye msanii alimpigia simu kuhusu kazi nyingine, kubwa zaidi. Cheche alikubali kwa sharti moja: mkaguzi aje kila Ijumaa. Na kila Ijumaa alikuja, na Cheche, mwenye mvi, alisimama nyuma ya yule kijana akitafuna kucha, mpaka aambiwe kwamba mshono huu nao umepita.